Kuhesabu Vivuko: Njia za Mvita Kuelekea Uwanja wa Ndege

Mji wa Mombasa una ajabu moja ambayo wenyeji wake wameizoea hata hawaioni tena: mji umo kisiwani, na uwanja wake wa ndege uko bara. Atokaye Mji wa Kale na tiketi mfukoni hana budi kuiacha ardhi ya kisiwa, avuke maji, apande Changamwe, kisha ndipo aikabili barabara ya uwanjani. Masafa yenyewe si marefu, kama kilomita 10 hivi kutoka katikati ya mji, na mgeni angeweza kudhani kwamba safari fupi namna hiyo haihitaji mashauri. Lakini mzee wa Kibokoni akiulizwa njia bora ya kuiwahi ndege, hajibu kwa kilomita. Huuliza kwanza yeye: ndege ni ya saa ngapi? Ni siku gani ya juma? Mvua inanyesha au imeanua? Mizigo ni mingapi, na wa kuibeba ni nani? Akishajibiwa hayo yote, ndipo huitaja njia.

Maswali ya mzee huyo yana nasaba ndefu. Tangu zama ambazo habari za Mvita zilianza kuandikwa, aliyetaka kuingia kisiwani au kutoka alilazimika kuchagua kivuko chake na saa ya kuvuka, na aliyekosea alilipa. Wahenga walisema kwamba njia ya mwongo ni fupi, na hapana mahali ambapo methali hiyo imethibitika zaidi kuliko katika safari za kisiwa hiki. Njia inayoonekana fupi kwenye ramani ina maji katikati yake, au foleni, au mtu mwenye mamlaka ya kumzuia mpitaji. Kwa hiyo msafiri wa leo, mwenye begi lake begani na macho kwenye saa, hana mwalimu bora kuliko historia ya vivuko vya mji wake. Barabara anayopita imelala juu ya nyayo za waliomtangulia.

Kivuko cha kwanza ni Makupa. Upande huo wa magharibi ndipo kisiwa na bara vilipokaribiana mno, na maji yakipwa mtu aliweza kuvuka kwa miguu. Yakijaa alingoja. Mwaka 1589 jambo hilo dogo la kupwa na kujaa liliamua hatima ya mji mzima. Wazimba, wapiganaji waliotokea pande za mto Zambezi, walikuwa wamepiga kambi ng'ambo ya bara. Kisiwani alikuwako Mir Ali Bey, baharia wa Kituruki ambaye watu wa pwani walimpokea ili awasaidie dhidi ya Wareno, na meli zake zilikilinda kivuko. Manowari za Wareno zilipowasili na kuzishinda meli hizo, mlango ukabaki bila bawabu. Wazimba wakaingia, na mji ukaangamia kwa upanga. Miaka minne baadaye Wareno wakaanza kuijenga ngome ya Fort Jesus upande wa bahari, lakini hawakuthubutu kuisahau Makupa. Huko nako waliweka maboma ya kukichunga kivuko. Walikuwa wamekwisha kujua kwamba aishikaye Makupa ameshika koo la mji.

Jina la mahali ulipo uwanja wa ndege, Port Reitz, nalo ni kumbukumbu ya msafiri ambaye safari yake haikumrudisha. Mwaka 1824 Wamazrui waliokuwa wakiitawala Mombasa walimhofia Sayyid Said bin Sultan wa Omani, wakaomba himaya ya Waingereza. Nahodha William Owen aliikubali rai hiyo bila ya kungoja idhini ya serikali yake, akamwacha mjini Luteni John James Reitz awe mkuu wa himaya hiyo. Luteni huyo alikuwa kijana mwenye bidii. Kabla ya miezi mingi kupita alishika njia ya kusini kuelekea Pangani, homa ikamkamata safarini, akafariki mwaka huohuo. Himaya yenyewe haikudumu. Ilivunjwa mwaka 1826. Kilichodumu ni jina. Lilipewa mkono wa bahari unaoingia bara nyuma ya kisiwa, likahamia kwenye ardhi iliyo kando yake, na leo utingo wa matatu huliita kutwa nzima kwa sauti ya kukauka bila kujua kwamba anamtaja mtu aliyekufa njiani.

Mwaka 1896 Waingereza walirudi na chuma. Reli ya Uganda ilianzia Mombasa, na ili itoke kisiwani ilijengewa daraja hapo hapo Makupa, likapewa jina la Salisbury, Waziri Mkuu wa Uingereza. Kivuko kilichokuwa kikingoja maji kupwa sasa kilipitika saa zote. Hata hivyo njia hiyo haikutandikwa kwa ajili ya mtu wa Mvita aliyetaka kwenda Changamwe kumwona shangazi yake. Macho yake yalikuwa yakitazama mbali, Nyanza na Uganda, na kisiwa kilikuwa kizingiti tu cha kukanyagwa.

Ndani ya mji wenyewe usafiri wa reli ulikuwa wa namna nyingine, na wapenzi wa historia ya pwani wataikumbuka picha yake. Kampuni ya Waingereza iliyoitangulia serikali ya kikoloni ilikuwa imeanza reli nyembamba ya kwenda bara, ikaiacha baada ya maili chache. Vyuma vyake vikang'olewa na kutandikwa katika njia za Mombasa. Juu yake vilipita vigari vidogo vyenye viti na paa la kukinga jua, visivyokuwa na injini wala farasi. Vilisukumwa na watu. Bwana alikaa kitini akisoma barua zake, na wanaume wenye afya walikimbia nyuma yake wakisukuma, kutoka Kilindini hadi mjini na kurudi. Hali hiyo iliendelea hadi miaka ya 1920, magari ya mafuta yalipokithiri. Ukitafutwa mwanzo wa usafiri wa Mombasa, basi, utaonekana ukiwa na daraja mbili tangu siku ya kwanza: kuna anayepanda na kuna anayesukuma. Swali la njia bora halikuwa na jibu moja kwa watu hao wawili.

Ndege zilipoanza kuifikia Afrika Mashariki, kwa kipindi kifupi ilionekana kana kwamba zitazifuata desturi za kisiwa. Mwaka 1929 kampuni ya Wilson Airways iliasisiwa Nairobi, na mwaka 1937 Imperial Airways ilianza kuzirusha ndege zake kubwa za majini katika njia ndefu ya kutoka Uingereza hadi Durban. Mombasa ilikuwa mojawapo ya vituo vyake. Ndege hizo zilitua juu ya maji kama bata, zikatia nanga kama majahazi, na abiria wao wakafikishwa nchi kavu kwa mashua. Uwanja wa ndege ulikuwa bahari, na bahari ilikuwa mlangoni mwa kila mtu. Lau mambo yangebaki hivyo, mzee wa Kibokoni asingelazimika kuuliza maswali yake yote. Angeuliza upepo tu.

Vita viliyageuza hayo. Mwezi Aprili 1942 Wajapani waliishambulia Ceylon, na kundi la manowari za Kiingereza za Bahari ya Hindi likahamishia makao yake Kilindini. Uwanja wa Port Reitz ukatumiwa na jeshi la anga la Uingereza, la Afrika Kusini, na kikosi cha ndege cha wanamaji. Askari hakuhitaji matatu. Alichukuliwa kwa lori la jeshi, na lori la jeshi halipangi foleni. Vita vilipomalizika mwaka 1945, uwanja ulibaki pale pale ulipokuwa. Shirika la East African Airways lililoanzishwa mwaka 1946 liliurithi, likafa mwaka 1977, na Kenya Airways ikazaliwa mwaka huohuo. Mwaka 1979 uwanja ulipanuliwa ukawa wa kimataifa, ukabeba jina la Daniel arap Moi aliyekuwa ameshika urais mwaka mmoja kabla. Ndege za watalii kutoka Ulaya zikawa zinatua moja kwa moja, na mabasi ya mahoteli yakawa yanazingojea. Mgeni alishuka, akapanda basi lake, akafika Diani au Nyali pasina kuuliza njia. Ndivyo vile vigari vya zamani vilivyorudi kwa sura mpya, na mwenyeji akabaki kando ya barabara akiipungia matatu.

Matatu nayo ina historia yake. Jina lake limetokana na neno la Kikikuyu la tatu, kwa sababu ya sarafu tatu za senti kumi zilizokuwa nauli yake mwanzoni. Kwa miaka mingi magari hayo yaliendeshwa kwa kujificha, kwa kuwa leseni ya kubeba abiria ilikuwa ya makampuni ya mabasi. Mwaka 1973 Rais Jomo Kenyatta aliyaruhusu yafanye kazi bila leseni hiyo, na kutoka hapo yakaenea nchi nzima. Mwezi Februari 2004, chini ya waziri John Michuki, ikaja sheria ya mikanda, ya kidhibiti mwendo kisichozidi kilomita 80 kwa saa, na ya mstari wa manjano ubavuni. Abiria aliyezoea kubanwa kama dagaa kwenye tenga alijikuta ana kiti chake peke yake, japo kwa muda. Mabasi makubwa ya mji yalififia. Matatu ikabaki kuwa ndiyo usafiri wa umma wa Mombasa, pamoja na tuktuk na bodaboda zilizokuja baadaye kuijaza mianya yake.

Sasa na atazamwe msafiri mwenyewe. Anatoka Mji wa Kale, hana gari, wala hana pesa za teksi. Mbele yake kuna njia mbili. Ya kwanza ni kungoja matatu ya Port Reitz, imchukue moja kwa moja kupitia Mwembe Tayari, Makupa, Kibarani na mzunguko wa Changamwe. Ya pili ni kupanda matatu yoyote inayopita Changamwe, iwe ya Magongo, ya Mikindani au ya Miritini, kisha ashuke pale mzunguko na kuunganisha. Kwa mtazamo wa haraka njia ya pili ndiyo yenye busara, maana gari la kwanza kutokea ndilo linalopandwa. Lakini kuna hesabu ndani yake. Matatu huondoka ikijaa. Babu zake msafiri waliingoja Makupa ipwe. Yeye huingoja gari ijae. Akibadilisha gari Changamwe ameyangojea maji mara mbili, tena safari ya pili anangoja akiwa amesimama juani, sanduku miguuni, katikati ya malori ya bandarini, mahali ambapo mkono wa mwizi ni mwepesi.

Hapo ndipo inapodhihirika kanuni ambayo historia yote hii inaifundisha: njia haipimwi kwa urefu wake, inapimwa kwa idadi ya vivuko vilivyomo. Kivuko ni kila mahali ambapo safari ya mtu inakatika na kuanza tena kwa hisani ya kitu kingine. Maji ni kivuko. Kubadilisha gari ni kivuko. Mzunguko wa Changamwe wakati malori yamefunga njia ni kivuko kikubwa kuliko Makupa ya mwaka 1589. Na kipande kile cha mwisho, kutoka pale matatu inaposhusha hadi kwenye mlango wa abiria, ni kivuko ambacho wengi hukisahau katika hesabu yao hadi wakifikie, na ndicho kinachowatoa jasho. Mwenye begi moja hukitembea. Mwenye mtoto mgongoni na masanduku mawili hana ila tuktuk, na mwenye tuktuk amjua msafiri aliyechelewa kwa macho tu, akampangia bei.

Kwa kanuni hiyo, matatu ya moja kwa moja ina fadhila hata ikichelewa kuondoka. Hungojewa penye kivuli, karibu na watu wanaojuana, na ikishajaa haina cha kungoja tena. Kuna jambo la pili la kuzingatia, nalo ni mkondo wa watu. Asubuhi wimbi la wafanyakazi huingia kisiwani kutoka bara, na jioni hutoka. Anayewahi ndege ya asubuhi huenda kinyume cha wimbi, gari lake ni jepesi kupita. Anayewahi ndege ya usiku huondoka saa ambayo kila mtu anarudi kwake, na matatu ile ile iliyompuuza adhuhuri kwa kukosa abiria sasa inampuuza kwa kuwa imejaa. Nauli nayo hupanda wakati huo, na mvua ikinyesha hupanda tena. Kwa hiyo yule mzee anapouliza saa na mvua, anafanya kazi ile ile iliyofanywa na manahodha wa zamani walipouliza bamvua na maji mafu.

Hali ya mkaaji wa Likoni ni nzito zaidi, kwa kuwa yeye ana kivuko cha maji kabla ya vyote. Feri ya Likoni ilianza mwaka 1937. Mwenye kwenda kwa miguu havushwi kwa pesa, na hiyo ni neema isiyokanushika. Lakini huvushwa pamoja na maelfu wengine, na feri moja ikiharibika saa ya kazi hakuna nauli itakayomtoa. Kwamba kivuko si kitu cha mchezo, watu wa kusini hawahitaji kuambiwa. Tarehe 29 Aprili 1994 feri ya Mtongwe ilipinduka asubuhi, mita chache tu baada ya kuondoka, ikiwa na watu zaidi ya uwezo wake, na watu 272 wakafa maji. Wengi wao walikuwa wakienda kazini. Walikuwa wameichagua njia iliyo karibu.

Baada ya hapo zilipita ahadi nyingi za daraja. Mwezi Januari 2021, wakati wa maradhi ya korona, daraja la kuelea la Liwatoni lilifunguliwa kwa waendao kwa miguu, ili kupunguza msongamano wa feri. Miaka michache baadaye lilifungwa. Barabara ya Dongo Kundu ndiyo iliyokuja kuyazunguka maji yenyewe: kipande chake cha kwanza, upande wa Miritini, kilianza kutumika mwaka 2018, na mwaka 2024 magari yakaanza kupita hadi kusini juu ya daraja la Mteza lenye urefu unaozidi kilomita moja. Sasa mtu aliweza kutoka kusini akaufikia uwanja wa ndege bila kupanda feri na bila kukanyaga kisiwa. Faida hiyo ni kubwa, lakini ina sharti lake. Barabara peke yake huwa njia ya wenye magari. Huwa njia ya umma pale tu matatu inapopita humo kwa saa zinazojulikana na kwa nauli inayolipika. Bila hayo, mama wa Likoni huliona daraja kama vile babu yake alivyoiona treni ya Uganda: kitu kizuri kinachopita karibu naye kikienda kwa watu wengine.

Watu wa kaskazini nao wana hesabu yao, na yao imepungua kwa miaka. Aliyetoka Malindi zamani alivuka Kilifi kwa pantoni, akavuka Mtwapa, kisha ndipo aione Nyali. Pantoni ya Mtwapa ilivutwa kwa mnyororo na wanaume walioimba huku wakivuta, na nyimbo zao zilikuwa maarufu kuliko kivuko chenyewe. Nyali ilipata daraja la kuelea mwaka 1931, ambalo waliovuka walitozwa ada, na daraja la sasa lilifunguliwa mwaka 1980. Kilifi ikapata lake mwaka 1991. Kila daraja lilipojengwa wimbo mmoja ulinyamaza, na hakuna msafiri aliyeulilia siku hiyo; waliulilia baadaye, walipokwisha kufika. Hata hivyo anayetoka Malindi kwa basi hushushwa mjini, na kutoka hapo huwa na vivuko vile vile vya mtu wa Mji wa Kale. Mtu wa Lamu ndiye mwenye neema ya peke yake. Uwanja wake uko kisiwa cha Manda, mkabala na mji, na chombo chake cha umma cha kwendea uwanjani ni mashua. Kivuko ni kimoja, na kinaonekana chote tangu gatini.

Limebaki la reli mpya. Tarehe 31 Mei 2017 treni ya Madaraka Express ilizinduliwa, na kituo chake cha Mombasa kikawekwa Miritini, bara, upande ule ule wa uwanja wa ndege. Mtu angedhani kwamba viwili hivyo, kwa kuwa vyote vimeukimbia mji, vitaungana vyenyewe. Haikuwa hivyo. Treni ilipoanza, aliyetoka Voi kuiwahi ndege alishuka akiwa karibu na uwanja kwa jicho la ndege, na bado akalazimika kutafuta gari, kama alivyolazimika yule aliyekuwa akienda mjini. Vituo viwili vya safari ndefu vikikaa jirani bila kiungo, ujirani wao ni wa makaburi.

Mabadiliko yaliyo mazuri zaidi kuyatazama yamekuja pale pale hadithi ilipoanzia. Daraja la Salisbury lilikuwa limefuatwa na tuta la mawe na udongo lililoyaziba maji ya Makupa, na kwa miongo mingi Mombasa ilikuwa kisiwa kwa jina, huku upande mmoja ikiwa imeshonwa na bara. Mwaka 2022 daraja jipya lilifunguliwa badala ya tuta hilo, na maji ya mkono wa Port Reitz yakaonana tena na yale ya Tudor. Magari yapita juu, na chini maji hupwa na kujaa kama ilivyokuwa kabla ya chuma. Daraja hilo halikufupisha safari ya uwanjani hata kwa mita moja. Lakini msafiri anayesimamishwa juu yake na foleni huyaona maji yakienda zake chini ya magurudumu, na huelewa mahali alipo.

Haya yote yangekuwa mazungumzo ya barazani tu, lau si kwa mtu anayepotea pale hesabu inapokosewa. Tajiri akiikosa ndege hununua tiketi nyingine. Siku hizi abiria wengi wanaotoka katika nyumba za kawaida za pwani ni vijana wa kike na wa kiume waendao Ghuba kufanya kazi za nyumbani, za ulinzi na za udereva. Tiketi ya mtu kama huyo imenunuliwa na wakala, na deni lake limeanza kabla hajapanda. Mama yake ameuza alichokuwa nacho ili apate pasipoti na cheti cha daktari. Yeye akichelewa kwa nusu saa pale Changamwe, kinachomponyoka ni zaidi ya kiti cha ndege; ni mwaka mzima wa nyumba yake. Wala hana wa kumshitaki, kwa kuwa hakuna ratiba iliyovunjwa. Matatu haikumwahidi saa. Ndiyo maana njia bora ya umma haiwezi kupimwa kwa mwendo wa gari lililo jepesi kuliko yote. Mizani yake ni yule msafiri mwenye nauli ndogo na mzigo mkubwa: je, anaweza kujua, kabla ya kutoka kwake, atafika saa ngapi?

Mpaka mji utakapompa jibu, hujipa mwenyewe kwa dawa ya zamani, ambayo ni muda. Kawia ufike, walisema wazee, na katika safari hii maana yake imegeuka: toka mapema ili upate nafasi ya kukawia. Ndege ya saa tano ya asubuhi huondokewa nyumbani baada ya sala ya alfajiri. Njia huwa ile ya matatu moja, hata kama kuna nyingine inayosifiwa kwa wepesi. Senti za tuktuk ya mwisho huwekwa mfuko wa pembeni, zisichanganyike na nauli, ili mtu asije akaomba bei akiwa anahema.

Na desturi ya kumsindikiza msafiri haikufa, ila imejikunja kulingana na nauli. Zamani jamaa wote walifuatana naye hadi anapoondokea. Sasa wengi humuaga kituoni Mwembe Tayari, sanduku likiwa limekwisha kupakiwa nyuma na mkono mmoja ungali dirishani. Gari likiondoka, hawaendi zao mara moja. Hukaa kwenye kivuli wakingoja simu. Simu hiyo haisemi kwamba ndege imeruka; husema kwamba Makupa imepitwa, na Changamwe nayo imepitwa. Hapo huinuka, wakakung'uta nguo zao, wakarudi nyumbani.